Vimistari vimejaa, kwa hiyo nini?

"Fundi, waifai imejaa kabisa lakini hakuna kinachofunguka. Hii ruta imekufa, nielekeze duka nikanunue nyingine."

Simu hiyo nimeipokea tena juzi usiku, na mzee aliyenipigia alikuwa ameshatenga hela. Nikamwomba kwanza akamgongee jirani anayetumia laini ya kampuni ileile. Jirani naye hana. Mtaa mzima haukuwa na intaneti tangu jioni. Ruta ya mzee haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inatangaza jina lake kwa nguvu zote, kama konda anayeita abiria kwenye daladala lililoishiwa mafuta.

Jamani. Vile vimistari vya waifai kwenye kona ya skrini vinakuambia kitu kimoja tu: laptopu yako inaisikia ruta kwa sauti kubwa kiasi gani. Havijui kama bando limekata. Havijui kama wachimba mtaro wamepitisha sururu kwenye faiba. Na hata hicho kimoja vinakisema kwa makadirio, maana hakuna kanuni inayomlazimisha mtengenezaji kuchora mstari wa tatu kwenye kiwango fulani. Kipimo chenyewe ni namba ya desibeli yenye alama ya kutoa. Ukiwa kwenye -50 uko raha mustarehe, -67 video bado inaenda, -80 utaanza kumlaumu kila mtu. Kwenye -70 laptopu moja inaweza kukuchorea vitatu na ya jirani yake vinne, zikiwa meza moja.

Kuna watu nikiwaeleza hivyo wananijibu, "Sawa fundi, lakini angalau waifai yenyewe ni nzima." Hapana! Hapo ndipo ninapochoka. Waifai ni mazungumzo. Kila fungu la data likifika salama, aliyelipokea hujibu "nimepata", asipojibu linatumwa upya. Sasa fikiria msikiti wenye spika nne juu ya mnara. Ukiwa sokoni adhana unaisikia neno kwa neno. Hebu muite muadhini kutoka hukohuko sokoni kwa sauti yako. Laptopu kwa kawaida hurusha mawimbi kwa nguvu ndogo kuliko ruta, na ukiongeza kuta mbili za tofali na zege lenye nondo, inaweza kusikia vizuri huku yenyewe haisikiki. Vimistari vinapima masikio yako, koo lako havilijui.

Ekstenda, kile kifaa cha kupokea waifai ya ruta na kuirusha mbele zaidi, ndiyo usiseme. Mtu anaichomeka chumbani, vimistari vinajaa, anashangilia. Vimejaa kwa sababu laptopu iko mita mbili kutoka kwenye ekstenda! Ekstenda yenyewe inaipata ruta ya sebuleni kwa shida, kwa hiyo unachopata ni shida ileile, safari hii karibu na kitanda. Iweke katikati ya njia, mahali ambapo yenyewe bado inaisikia ruta vizuri.

Lakini nisijifanye mjuzi sana, maana vimistari vimeshanidanganya na mimi. Dada mmoja mhasibu alikuwa na laptopu iliyokata intaneti mwisho wa mwezi tu. Vimistari vimejaa, kurasa hazifunguki. Nikabadilisha draiva, ile programu inayoiendesha kadi ya waifai. Nikabadilisha kadi yenyewe. Nikazima ile sehemu ya Windows inayoruhusu kadi ilazwe ili kuokoa betri (izime hata hivyo, inasumbua). Mwezi uliofuata, hadithi ileile. Siku ya tatu ndipo aliponiambia, kama jambo la kupita, kwamba huwa inakata akichomeka diski ya nje kuhifadhi vitabu vya hesabu. Nikachomoa diski, intaneti ikarudi. USB 3.0 inapofanya kazi humwaga kelele za redio kwenye masafa ya gigahezi 2.4, palepale waifai inapoongea. Intel walishaliandikia hilo waraka mwaka 2012. Sauti ya ruta haikupungua hata kidogo, ndiyo maana vimistari havikutikisika. Kelele ndizo zilizokuwa zimepanda. Tukahamia gigahezi 5, kesi ikaisha. Hela ya kadi nilimrudishia, kwa aibu.

Kwenye gigahezi 2.4 fujo ni ya kawaida: maikrowevu, bluetuthi, ruta za ghorofa nzima. Masafa hayo yamegawanywa vipande viitwavyo chaneli, na zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu, kwa hiyo anayekuambia amejificha kwenye chaneli 3 anagombana na majirani wa pande zote mbili. Gigahezi 5 ina nafasi zaidi lakini haipendi kuta. Chagua maumivu yako.

Kipimo ninachokiamini ni ile skrini nyeusi ya Windows ya kuandikia amri, Command Prompt. Andika ipconfig. Itakuonyesha anwani ya laptopu yako kwenye mtandao. Ikianza na 169.254, laptopu imejipa yenyewe baada ya kuomba na kutojibiwa. Zima ruta, washa, jiunge upya. Ikiwa anwani ni ya kawaida, ipingi ruta yenyewe, yaani uiite mara kwa mara usikie kama inaitika: andika ping -t na ile namba ya geti (Default Gateway) iliyotokea kwenye ipconfig, uiache kama dakika tano. Majibu yakipotea au yakiruka kutoka milisekunde 3 hadi 900, tatizo ni waifai, hata vimistari vikijaa hadi vimwagike. Yakija kwa utulivu, acha kuishuku waifai, pingi 8.8.8.8, seva ya Google iliyo huko nje kwenye intaneti. Hiyo nayo ikijibu huku tovuti hazifunguki, angalia DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba, halafu uangalie saa ya laptopu. Sitanii: betri ndogo ya ubaoni ikifa, kompyuta huamka ikiamini ni miaka kadhaa iliyopita na vyeti vya usalama vya tovuti vinakataliwa vyote.

Tahadhari moja: ziko ruta zilizofungwa zisijibu pingi, na hapo kipimo changu kinapofuka. Na zipo siku nazima ruta, nahesabu hadi thelathini, nawasha, kila kitu kinapona na sijui nimetibu nini. Huwa namwambia mteja "ilikuwa imechoka" na nachukua nauli yangu.

Basi ukinipigia, nitumie picha ya hiyo skrini nyeusi. Ya vimistari ninazo za kutosha kwenye simu.