Tiger Woods hakutajirika na vikombe, wasee

Jana hapa Kondele jamaa mmoja wa boda alikuwa anabishana eti Tiger Woods ni bilionea juu ya kushinda gofu, yaani anapiga mpira, unaingia shimo, pesa inaingia. Hapana bana. Ni kweli ameshinda sana, mara 82 kwa PGA Tour, ile ligi kuu ya gofu Marekani, zikiwemo mejo 15, yaani yale mashindano makubwa kabisa, na zawadi zote hizo zikijumlishwa ni kama dola milioni 120. Ni pesa mob, sikatai, lakini jarida la Forbes walipomwita bilionea 2022 walisema zawadi za uwanjani hazifiki hata asilimia 10 ya pesa amewahi kuingiza!

Sasa zingine zimetoka wapi? Matangazo. Nike walimsaini 1996 akianza tu kazi, wakaachana naye mwanzo wa 2024, miaka 27 hivi, hata wakati alikuwa amelala nyumbani na mgongo mbovu bado walikuwa wanamlipa. Ako pia na kampuni ya kuchora viwanja vya gofu.

Na wengi hawajui gofa wa kawaida mara nyingi akikatwa baada ya siku mbili, yaani akitolewa kwa shindano juu alama zake ni mbaya, anaenda nyumbani bila shilingi, na ndege na hoteli amejilipia.

Kazi ya Tiger ya charity nayo si ya juzi baada ya kuvimba mfuko, yeye na babake Earl walianzisha faundesheni 1996 hiyo hiyo, na 2006 wakafungua kituo cha masomo Anaheim, California.