Plagi Inarusha Moto, Mashine Haiwaki: Tunayoyaamini Kuhusu Mashine Kuukuu za Boti, na Yaliyo Kweli

Siku ya bamvua, maji yakitoka kwa nguvu kwenye mkono wa bahari wa Tudor, Mombasa, mashine yangu ya farasi 40 ilizima ghafla karibu na Daraja la Nyali. Tulivuta kamba mpaka viganja vikachubuka. Mkondo ulitupitisha mbele ya Bandari ya Kale, na nanga haikushika mpaka ngome ya Fort Jesus ilipokuwa ubavuni mwetu. Kabla ya siku ile nilikuwa nimeshabadilisha plagi mara mbili, koili inayokuza umeme wa plagi mara moja, na kisanduku cha CDI (kile kinachokusanya umeme na kuutuma kwenye koili kwa wakati wake) ambacho bei yake ililingana na samaki wa mwezi mzima. Ubovu wenyewe ulikuwa waya mmoja wa swichi ya kuzimia, umechubuka mahali unapopita kwenye bodi ya mashine na kuota kutu ya kijani. Mashine ikitetemeka, waya unagusa chuma, moto unakatika.

Tangu hapo nimekuwa nikisikiliza kwa makini yale tunayoambizana pwani kuhusu umeme wa mashine hizi. Mengi tumeyarithi bila kuyapima.

"Nimetoa plagi nikaigusisha kwenye chuma, nimeona moto. Kwa hiyo umeme ni mzima."

Hili ndilo linalopoteza watu kuliko yote. Cheche unayoiona nje inaruka kwenye hewa ya kawaida. Ndani ya silinda pistoni imeshaibana ile hewa, na cheche inahitaji volti nyingi zaidi ili iruke mwanya uleule. Koili iliyochoka hutoa moto mzuri mkononi mwako, kisha hushindwa kabisa plagi ikirudi mahali pake.

Kipimo cha kweli ni kuipa cheche mwanya mrefu. Kwa mashine kuukuu za Johnson na Evinrude, mafundi huweka mwanya wa milimita 6 hivi kwa mashine za pointi (vichuma viwili vinavyofunguka na kufunga ili kukata umeme), na 11 hivi kwa zile za CDI. Cheche iruke hapo kila mara, iwe ya buluu na ilie kama mjeledi. Ikiwa ni nyembamba na ya manjano, au inaruka mara moja na kukosa mara mbili, usidanganyike. Toa plagi zote kabla ya kupima ili flaiwili, lile gurudumu zito linalozungushwa na kamba, izunguke upesi, na waya wa plagi usioupima uufunge kwenye chuma cha mashine; CDI ikikosa pa kupeleka umeme wake inaweza kuungua. Jambo jingine tafadhali lishike: pima mbali na tundu la plagi. Mvuke wa petroli unaotoka humo hushika moto, na uso wa mtu hauna spea.

"Haina moto kabisa? Basi CDI imekufa."

Hapa ndipo pesa zetu zinapozama. Nimekaa na mzee mmoja fundi wa Mtwapa aliyezoea kuuliza swali moja kabla ya kushika spana: "Mwanangu, waya wa kuzimia umeutoa?" Sikuelewa maana yake mpaka yaliponifika mwenyewe.

Mashine hizi hazizimwi kwa kukatiwa umeme. Swichi ya kuzimia hufanya kinyume: inaunganisha waya wake na chuma cha mashine, umeme unamwagika huko badala ya kwenda kwenye plagi. Maana yake, waya ule ukichubuka, au chumvi ikijaa ndani ya swichi, au kibanio cha kamba ya usalama kikikosekana, ni kana kwamba mtu ameshika kitufe cha kuzima daima. Chomoa waya huo kwenye CDI (kwenye Yamaha ni mweupe), kisha vuta kamba. Moto ukirudi, CDI yako ni nzima na utafute ubovu kuelekea kwenye swichi. Mashine ikiwaka hivyo, ujue kitufe hakitaizima tena. Izime kwa choki.

Baada ya hapo angalia athi, yaani pale umeme unapoungana na chuma cha mashine. Koili hufungwa kwenye bloku kwa skrubu, na chini ya skrubu hizo ndimo chumvi inamojificha. Fungua, sugua mpaka chuma king'ae, funga tena. Kisha ndipo uchukue mita, upime koili ya kuchaji (inayoipa CDI umeme) na koili ya mpigo (inayoiambia CDI irushe moto lini) zilizo chini ya flaiwili, ulinganishe omu zake, yaani ukinzani wake, na kitabu cha mashine hiyohiyo. Vitabu vingi hutoa vipimo vya nyuzi 20. Adhuhuri ya Mombasa ni 30 na zaidi, na waya wa shaba huongeza ukinzani kwa takriban asilimia 4 kila joto linapopanda nyuzi 10. Kwa hiyo kuzidi kidogo si ubovu. Kusoma sifuri, au mita isiyosogea kabisa, huo ndio ubovu.

CDI yenyewe mita ya kawaida haiwezi kuihukumu. Umeme wake hutoka kwa mapigo mafupi, na panahitajika kifaa cha kushika kilele cha volti. Asiye nacho huifikia CDI kwa kuondoa vingine vyote kwanza. Anayekuambia ni CDI kabla hajafungua hata skrubu moja anabahatisha kwa pesa zako.

"Betri imelala, ndiyo maana haina moto." Kwa mashine ya kuvuta kamba, sumaku za flaiwili ndizo zinazozalisha umeme wa plagi. Betri haihusiki. Na kamwe usigusishe waya wa kuzimia na waya wa betri ya volti 12, hata kwa kujaribu. Hapo ndipo CDI nzima inapouawa kweli.

"Ikizima baada ya kupata joto ni petroli chafu."

Huenda, lakini sikiliza namna inavyozima. Petroli ikikosekana mashine hulegea, hukohoa, hushuka taratibu, na ukibonyeza pampu ya mpira kwenye bomba la tangi inapata nafuu. Umeme ukikatika, mashine hufa papo hapo kama taa. Koili yenye ufa huwa nzima ikiwa baridi. Ikipata joto waya wa ndani unaachana au umeme unavuja, ikipoa nusu saa inawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndiyo maana ukiipeleka kwa fundi asubuhi inapita kila kipimo. Ipime ikiwa imezima sasa hivi, bado ya moto. Iwashe ndani ya pipa la maji, maana mashine ikizunguka pakavu mpira wa pampu ya maji huharibika upesi sana.

"Pointi zikichafuka zipige msasa." Msasa huacha punje zake kwenye pointi, na punje hazipitishi umeme. Tumia tupa laini, kisha pitisha kipande cha karatasi nyeupe kilicholowa spiriti mpaka kitoke safi. Hata pointi mpya zifute, mara nyingi huja na mafuta ya kuzilinda. Kwenye Johnson na Evinrude nyingi za zamani mwanya ni milimita 0.5, unapimwa pale kamu, kile kinundu cha kwenye shafti, inapozifungua pointi hadi mwisho. Kisha ukague koili zilizo jirani. Za zamani hupasuka ganda lake.

Kuhusu plagi, kuingia kwenye nyuzi za tundu lake hakutoshi. Kwa NGK, namba kubwa ni plagi ya baridi, inayopoteza joto lake upesi. Kwa Champion ni kinyume, namba kubwa ni ya moto. Anayechanganya hizo mbili dukani anaweza kutoboa pistoni. Fuata namba ya kitabu.

Kamba ikikurudisha mkono kwa ghadhabu, au mashine inapiga risasi kwenye kabureta na moto upo, toa flaiwili kwa pula (si kwa nyundo) uangalie kile kipande cha chuma cha umbo la nusu mwezi kinachoishika kwenye shafti. Kikikatika, moto unakuja wakati si wake.

"Nimeiosha vizuri, chumvi haipo." Wengi humwagia maji juu ya mashine kifuniko kikiwa wazi, na hayo huisukuma chumvi ndani ya kofia za plagi na viungo vya waya. Ngoja giza liingie, washa mashine ndani ya pipa, toa kifuniko, utazame bila kugusa. Ukiona vicheche vya buluu vikitambaa kwenye waya wa plagi, umeme wako unavuja hapo. Maji yasiyo na chumvi yapite kwenye njia ya kupoza. Sehemu ya umeme ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, ikauke, ipakwe dawa ya kuzuia kutu. Kifuniko kirudi baada ya hapo tu.