Una spika zenye usikivu mkubwa? Usianze na wati

Karibu kila anayekuja kwangu kutafuta amplifaya huanza na swali lilelile: ina wati ngapi? Nikimtajia nane, anadhani nilitaka kusema themanini. Lakini mwenye spika za honi, au zile za koni moja aina ya Lowther, hana shida na wati themanini. Anachotakiwa kutafuta ni amplifaya ambayo wati yake ya kwanza ni safi, kwa kuwa karibu muziki wake wote utapita humo humo.

Usikivu wa spika hupimwa kwa desibeli: unaipa spika wati 1, kisha unapima sauti ukiwa mita 1 mbele yake. Spika nyingi za sebuleni ziko kati ya 84 na 89. Klipsch Heresy IV imeandikwa 99, na Klipschorn, ile ya kuwekwa kwenye kona ya chumba ambayo Paul Klipsch alianza kuiuza Marekani miaka ya 1940, imeandikwa 105. Mimi namba za kiwandani huzipunguza 3 kabla ya kuzitumia, maana nyingine hupimwa ndani ya chumba, na kuta huongeza sauti. Angalia pia kama wameandika volti 2.83 badala ya wati 1. Kwa spika yenye ukinzani wa umeme wa omu 8 ni kitu kimoja, lakini kwa spika ya omu 4 volti hizo ni wati 2, kwa hiyo hapo kuna desibeli 3 za bure.

Tuchukue Heresy, tuihesabu 96. Umekaa mita 3, spika ni mbili, chumba cha kawaida: toa kama 6. Kwa wati 1 unabaki na 90 pale kwenye kiti. Kila nguvu ikizidi mara mbili unapata 3 zaidi, kwa hiyo wati 8 zinakufikisha 99. Muziki wa kusikilizwa kwa raha nyumbani huzunguka 75 hadi 80, na vilele vya ngoma au tarumbeta huruka 15 hadi 20 juu ya hapo. Wati 8 zinatosha, ingawa hazibaki nyingi. Weka spika ya 86 mahali pale pale na utahitaji nguvu mara kumi, wati 80. Hesabu hii ifanye kabla hujatoa hela.

Valvu (ile taa ya kioo inayokuza sauti, iliyotangulia transista) inayotajwa zaidi kwa kazi hii ni 300B, iliyotoka Western Electric miaka ya 1930, enzi ambazo majumba ya sinema ya Marekani yalijazwa sauti na amplifaya za wati chache kwa sababu honi za nyuma ya skrini zilikuwa na usikivu mkubwa mno. Ikifanya kazi peke yake hutoa wati 8 hivi. Valvu ya 2A3 hutoa 3.5, na ile iitwayo 45 haivuki 2 kwa urahisi. Kwa 45 nataka spika ya 100 halisi na msikilizaji wa gitaa na sauti ya mtu. Okestra nzima itaishinda.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawaligusi. Omu 8 zilizoandikwa nyuma ya spika ni makadirio tu. Spika hiyo hiyo inaweza kushuka hadi omu 4 kwenye noti moja na kupanda hadi 30 kwenye nyingine. Amplifaya ya transista haijali sana, kwa kuwa ukinzani wake wa ndani ni mdogo sana. Amplifaya ya valvu moja isiyo na fidibaki (kurudisha sehemu ya sauti inayotoka ili amplifaya ijisahihishe) inaweza kuwa na omu 2.5 za ndani. Penye omu 4 unapoteza desibeli 4 na zaidi. Penye 30 hupotezi hata 1. Tofauti hiyo, zaidi ya desibeli 3, ni sawa na mtu kukorogea vinobu vya besi na treble bila kukuuliza. Wengine huipenda sauti inayotoka na kuiita joto la valvu. Mimi siipendi, na nasema wazi: tafuta mchoro wa ukinzani wa spika yako, na kama unapanda na kushuka kama milima ya Usambara, chukua amplifaya yenye fidibaki kidogo au ya transista.

Kingine ni mngurumo. Amplifaya ikivuja milivolti 1 tu, kwenye spika ya 86 unapata desibeli 17 ukiwa mita moja, na husikii kitu. Kwenye spika ya 99 unapata 30, na usiku nyumba ikitulia utausikia. 300B, 2A3 na 45 ndizo zinazosumbua zaidi, kwa kuwa filamenti, ule waya wa ndani unaopashwa moto, yenyewe ndiyo inayotoa elektroni. Ukiiwasha kwa umeme wa AC mngurumo unaingia moja kwa moja. Muulize muuzaji filamenti zinawashwa kwa DC au AC. Kisha ondoa waya wa muziki, funga mdomo wa kuingizia kwa plagi ya shoti (inayounganisha nyaya zake mbili ili kusiingie kitu), fungua sauti yote, weka sikio karibu na honi. Hakuna karatasi ya vipimo inayoshinda jaribio hili.

Kelele nyingine hutokana na ukuzaji uliopitiliza. Chombo cha CD hutoa volti 2. Wati 8 kwenye omu 8 ni volti 8, yaani kukuza mara nne kunatosha. Amplifaya nyingi hukuza mara ishirini au zaidi, ndiyo maana wenye honi hawavuki robo ya kinobu, na pale chini ndipo sauti ya kushoto na ya kulia haziwi sawa.

Huhitaji valvu kwa lazima. Muundo wa John Linsley Hood wa wati 10, daraja A, uliochapishwa katika Wireless World mwaka 1969, fundi makini anaujenga kwa transista chache. Unakula umeme uleule hata muziki ukinyamaza, na hitsinki zake, vile vyuma vya kupoza, hupata joto kali, lakini kwa Heresy ningeuchagua kabla ya 300B ya bei rahisi yenye transfoma nyepesi. Transfoma ya kutolea sauti katika amplifaya ya valvu moja lazima iwe na chuma kingi, la sivyo besi inakonda pindi unapoongeza sauti. Inyanyue kabla ya kununua.

Na ukiagiza iliyotumika kutoka Japani, hiyo ni ya volti 100. Ya Marekani ni 120. Kwa umeme wetu wa 230 hadi 240 utahitaji transfoma ya kushusha iliyo na nafasi ya kutosha, na kabla ya kuweka valvu za bei, mwambie fundi apime volti za filamenti: 300B inataka 5, 2A3 inataka 2.5. Usifungue mfuniko mwenyewe. Ndani kuna volti 300 hadi 400 za DC, na kapasita huzishikilia hata ukishachomoa plagi.