"Nani aliwatengenezea?" Dhana potofu kuhusu dhahabu ya wahamaji wa nyika

Kila muhula nikionyesha picha ya yule ayala wa dhahabu wa Kostromskaya, kusini mwa Urusi, kazi ya Waskithi, wahamaji wa kale wa nyika za Ulaya na Asia, mkono hunyooka nyuma ya darasa. "Mwalimu, si hawa walikuwa wachunga kondoo tu? Nani aliwatengenezea?" Safari hii nimeulizwa mara mbili ndani ya wiki moja, nikaona niandike dhana ninazozisikia na kuzijibu moja moja, yaishe.

"Vito hivi ni kazi ya Wagiriki, na vile vya mashariki ni vya Wachina. Wahamaji walikuwa wanunuzi."

Tuanze na tarehe. Kurgani (kilima cha kaburi) ya Arzhan 1, huko Tuva kusini mwa Siberia, ilichimbwa na mwanaakiolojia Mikhail Gryaznov kati ya 1971 na 1974. Humo alitoka chui wa shaba nyeusi (shaba iliyochanganywa na bati) aliyejikunja duara, upana wake kama sentimita 25. Kaburi hilo ni la mwishoni mwa karne ya 9 au mwanzoni mwa karne ya 8 KK. Wakati huo Wagiriki hawakuwa na makazi hata moja kwenye pwani ya kaskazini ya Bahari Nyeusi, na kutoka pwani hiyo mpaka Tuva ni maelfu ya kilomita. Huyo sonara wa Kigiriki alipita njia gani?

Tarehe zikikuchosha, tazama bega la ayala. Mimi huanzia begani siku zote, wala sihangaiki na pembe, ingawa ndizo kila mtu hupiga picha. Mgiriki angelitengeneza bega lenye mviringo, misuli ikipanda na kushuka taratibu. Hili ni nyuso bapa zinazoteremka na kukutana kwenye ukingo mkali. Huo ni mkato wa kisu kwenye mti au pembe. Mkono uliozoea kuchonga mbao ulihamia kwenye dhahabu na tabia zake zote. Mbao zenyewe tunazo: makaburi ya Pazyryk, milimani Altai, yaliganda barafu, na Sergei Rudenko alipochimba miaka ya 1947 hadi 1949 alikuta hatamu za farasi zilizopambwa kwa wanyama wa kuchonga, mkato uleule wa kisu, vingine vikiwa bado na karatasi ya dhahabu juu yake.

Sasa, dhana hii haikuzuka hewani. Kile kidani kikubwa cha Tovsta Mohyla, Ukraine, kilichofukuliwa 1971 na chenye uzito unaozidi kilo moja, ni kazi ya sonara wa Kigiriki wa karne ya 4 KK, na kina wanaume wa Kiskithi wakishona vazi la ngozi ya kondoo. Upande wa mashariki, mabamba ya mkanda ya dhahabu ya Xigoupan, Mongolia ya Ndani, yamechorwa uzito wake kwa herufi za Kichina upande wa nyuma. Na mwaka 1999, pale Xi'an, China, lilifukuliwa kaburi la fundi aliyezikwa na vielelezo vyake vya udongo, vikiwemo vya mabamba ya mtindo wa nyika. Basi ndiyo, masonara wa mijini walipokea oda. Lakini walizipokea karne nyingi baada ya mtindo kukomaa, na mteja ndiye aliyesema anataka mnyama gani na akae vipi.

Nadhani kinachowaponza watu ni neno "mhamaji". Wanamwona mtu anayetangatanga bila mwelekeo. Mfugaji ana malisho ya kiangazi na malisho ya baridi, na mwaka ukizunguka anarudi palepale. Kuyeyusha shaba hakudai ukuta wa mji, kunadai udongo, makaa, mivukuto na mtu anayejua. Dharau hii ni ya siku nyingi. Hata katika Biblia ya Kiswahili ya Union, Wakolosai 3:11, pale Kigiriki kinaposema Mskithi wafasiri waliweka "Mshenzi".

"Ni dhahabu tupu." Mara nyingi sivyo. Ayala wakubwa wa Filippovka, kusini mwa Urali, ni mbao zilizovikwa karatasi nyembamba ya dhahabu. Yule "mtu wa dhahabu" wa Issyk, karibu na Almaty, Kazakhstan, maiti aliyepatikana 1969 akiwa amezikwa na mavazi ya dhahabu, ana vipande karibu 4,000, vingi vyembamba mno. Vitu vingi zaidi ni vya shaba nyeusi, ila shaba haipati nafasi kwenye mabango ya maonyesho.

"Fundi hakujua kuchora, mnyama kapinda kiuno na miguu ya nyuma inatazama juu." Kapindwa makusudi. Mkao huohuo uko kwenye chale za mwili wa mzee aliyezikwa katika kurgani ya pili ya Pazyryk. Watu wawili hawakosei namna moja kwenye dhahabu na kwenye ngozi ya binadamu.

"Ayala ni jua, chui ni mauti." Nani kakwambia? Hawakutuachia maandishi tunayoweza kuyasoma.

"Yote ni ya Waskithi." Wasaka, Wasarmati na Waxiongnu, wahamaji wengine wa nyika, nao wamo. Tuendelee.

La mwisho linaniuma zaidi kuliko linavyonikasirisha: "Kutu ya kijani kwenye shaba ni uchafu, itolewe." Katika kutu hiyo mara nyingine hubaki nyuzi za nguo aliyovaa marehemu. Mabamba mengi ya kaskazini mwa China yalipakwa bati yang'ae kama fedha, na tabaka hilo ni jembamba kuliko ukucha. Usisugue. Na kabla ya kutazama mbele, geuza utazame nyuma: mengine yana alama za kitambaa kilichotumika kushikilia nta wakati wa kutengeneza kalibu, na alama hizo husema mengi kuhusu karakana.

Bwana mmoja aliwahi kuniletea bamba la mkanda, urithi wa babu mkwe wake. Alikuwa amelisugua kwa ndimu na majivu, mbele na nyuma, likang'aa kama sufuria ya harusi.

"Mwalimu, ni la zamani kweli?"

"Wiki iliyopita ningeweza kukwambia."