Kisasi na mkasi

Kila mwizi anapochomwa moto stendi, hakosekani wa kusema kwamba "wananchi wenye hasira kali wamelipiza kisasi". Juzi nimelisikia tena ndani ya daladala, likisemwa na mzee wa makamo, na abiria wakaitikia kwa vichwa. Kilichoibwa ni simu. Kijana kafa.

Kisasi ni kumrudishia mtu ubaya alioutenda, kwa kiasi kile kile. Basi. Tatizo ni kwamba wengi tunashika mwanzo wa maelezo hayo na kuuacha mwisho wake.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, qisas, na mzizi wake ndio uliotupa mkasi, na ndio uliotupa kisa, ile habari inayosimuliwa. Ndani ya mzizi huo kuna kukata na kuna kufuata nyayo. Mtazame fundi cherehani na kitenge cha mteja: anapima, anachora kwa chaki, ndipo mkasi unapita juu ya mstari. Ukiteleza inchi moja tu, nguo imeharibika. Msimulizi wa kisa naye anafuata nyayo za tukio, hatua kwa hatua. Kisasi ni ndugu yao wa tumbo moja.

Na katika sheria ya Kiislamu ndivyo kilivyo. Suratul-Baqara, aya ya 178 na 179, inakiweka kisasi kama mpaka. Wafasiri wanaeleza kwamba kabla ya hapo, kabila likiuliwa mtu wake lilidai kichwa cha yeyote wa upande wa pili, pengine vichwa kadhaa. Aya ikaleta mipaka: anayedaiwa ni aliyeua, si nduguye, na jamaa wa marehemu wana ruhusa ya kusamehe na kupokea dia, yaani fidia ya damu.

Kinachonishangaza zaidi ni neno adhabu, tunaloliona la kistaarabu. Asili yake ni mateso, na maana hiyo bado tunayo tunaposema adhabu ya kaburi. Maneno haya yamebadilishana viti: lenye kipimo tumelipa hasira, la mateso tukalivika joho la hakimu.

Wengine wakibanwa hapo husema: haya, basi iwe fundisho kwa wengine. Hakimu pia huyasema maneno hayo, lakini baada ya mshtakiwa kutiwa hatiani. Mwaka 1963 Tanganyika ilitunga sheria ya viwango vya chini vya adhabu, iliyokuja na viboko 24: 12 ukiingia gerezani, 12 ukitoka, na watu wakaongeza wenyewe, "ukamwonyeshe mkeo". Ulikuwa ukali wa kutisha watu, na mimi siutetei. Hata hivyo ulianza na ushahidi, na ulihesabiwa. Hofu peke yake haiulizi nani katenda. Mchome asiye na kosa, watu waamini ni mwizi, na wezi wataogopa vile vile.

Pale stendi hakuna aliyepima. Hakuna aliyeuliza kama simu ilikutwa kwa kijana yule au kwa mwingine aliyekimbia, wala hakuna aliyemngoja mwenye simu aseme kama amesamehe.

Shikamoo mzee wangu wa daladala, na uniwie radhi. Wale hawakulipiza kisasi. Wameua mtu.