Dawa za Miti za "Kulinda Moyo" Wakati wa Kemo: Onyesha Chupa Kwanza, Dripu Baadaye

Tangu kampeni ya saratani ya matiti ya Oktoba, famasi yetu hapa Malindi imekuwa ikiletewa malalamiko kuhusu chupa zinazouzwa sokoni na kwenye WhatsApp, zikiahidi kuukinga moyo wa mgonjwa aliye kwenye kemo, yaani matibabu ya saratani kwa dawa kali. Hofu ya wanaozinunua ina msingi. Doksorubisini, ile dawa nyekundu, hudhuru moyo kweli, na pengine madhara hujitokeza miaka mingi baada ya dripu ya mwisho.

Madhara hayo hufuata jumla ya dozi zote alizowahi kupewa mgonjwa. Jumla ikifika miligramu 400 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, wagonjwa kama 5 katika 100 moyo wao hushindwa kufanya kazi; ikifika 550, huwa kama 26. Ndiyo maana tunasisitiza rekodi. Ukihamishwa kutoka hapa kwenda Mombasa, au kinyume chake, beba kitabu chako cha kliniki na karatasi zote za dozi, maana daktari asiyejua ulichokwisha kupewa hawezi kujua kilichobaki. Usikose eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti. Ipo pia deksirazoksani, dawa ya kukinga moyo inayotumiwa kwa baadhi ya wagonjwa kwa uamuzi wa daktari.

Habasoda na manjano zimechunguzwa. Viini vyake, vilivyosafishwa na kupimwa, vimepunguza madhara ya doksorubisini kwenye mioyo ya panya wa maabara. Hiyo ni habari njema kwa watafiti, lakini hakuna mmea uliokwisha kuthibitishwa kuwa kinga ya moyo kwa mgonjwa wa kemo. Kijiko cha unga ambao haijulikani una kiini kiasi gani si sawa na kipimo kile cha maabara.

Na tafadhali, tuache kusema dawa ya miti haina kemikali. Vinkristini, dawa kali ya kemo, ilitolewa kwenye ua la vinka, na doksorubisini yenyewe ilitokana na bakteria wa udongoni. Kutoka ardhini hakuondoi ukali.

Tunachohofia zaidi ni ini. Ndilo linaloisafisha doksorubisini mwilini, na bilirubini (taka ya damu inayoondolewa na ini) ikipanda hatuna budi kupunguza dozi au kuahirisha dripu. Manjano ya vidonge, yaliyokolezwa, yamewahi kuumiza maini ya watu. Kuna chupa nyingine zilizokutwa zimechanganywa na steroidi bila lebo kusema. Tena, kitu kinachozuia sumu ya dawa isifike moyoni huenda kikaikinga seli ya saratani pia.

Kwa hiyo, kabla ya dripu, mwonyeshe muuguzi au mfamasia kila unachokunywa, hata kama ni bibi aliyekuchemshia. Taja ulianza lini, vijiko vingapi, mara ngapi kwa siku. Tukishuku madhara tunajaza fomu ya rangi ya manjano ya kuripoti madhara ya dawa: herufi za kwanza za jina (jina kamili halihitajiki), umri, dawa zote pamoja na za miti, tarehe ya kuanza na ya kuacha, kilichotokea, na mgonjwa aliendeleaje. Fomu hiyo huenda kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Kuuza dawa isiyosajiliwa ni kosa chini ya Sheria ya Famasia na Sumu (Sura ya 244) ya Kenya, na adhabu yake ni faini, kifungo au vyote viwili. Hilo ni la muuzaji. Mgonjwa aliyenunua hashtakiwi, wala hafukuzwi kliniki. Tumelisema mara nyingi, na bado watu wanaficha.

Ukikosa pumzi ukilala chali, miguu ikivimba au moyo ukienda mbio bila sababu, usingoje tarehe ya kliniki. Njoo siku hiyo hiyo, na chupa uje nayo kama ilivyo: usiioshe, usibandue lebo, na kilichobaki ndani usikimwage.