Karagenani ni nini, na kwa nini mwani wa kotonii unauzidi bei ule wa spinosamu

Geuza pakiti ya maziwa ya chokoleti usome yale maandishi madogo ya nyuma. Baada ya sukari na kakao, mara nyingi utakuta E407, au karagenani. Wengi hupita tu. Mtu wa Paje au Jambiani, vijiji vya wakulima wa mwani pwani ya mashariki ya Unguja, ana sababu ya kusimama hapo kidogo, maana huenda kitu hicho kilianza safari kwenye kamba yake mwenyewe ya mwani, maji yalipokupwa.

Karagenani ni unga mweupe wenye umanjano kidogo, usio na ladha wala harufu ya kutaja, unaotolewa kwenye mwani mwekundu. Ndani ya mwani haukuwa unga. Ulikuwa ni ule ute uliojaa kwenye kuta za seli, unaoufanya mmea upinde na mawimbi bila kukatika. Jina lake lina asili ya Ireland: kule pwani watu walikuwa wakichemsha mwani wa miambani ndani ya maziwa, wanachuja, wanaacha yapoe, na asubuhi maziwa yameganda. Neno lao carraigín maana yake ni jiwe dogo.

Mwani ule wa Ireland ni wa baridi, na leo ni sehemu ndogo tu ya biashara. Sehemu kubwa ya karagenani ya dunia inatoka kwenye mwani wa bahari za joto unaolimwa, hasa Indonesia na Ufilipino. Zanzibar imo: Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliufanyia utafiti mwani wetu tangu miaka ya 1970, na mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza pwani ya mashariki ya Unguja kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Tangu hapo wakulima, ambao wengi ni wanawake, wanajua aina mbili: spinosamu na kotonii. Zikiwa kwenye kamba unaweza kudhani ni ndugu tu. Zikifika kiwandani ni vitu viwili tofauti kabisa.

Karagenani ni mnyororo mrefu wa sukari iitwayo galaktosi, na kwenye mnyororo huo zimening'inia salfeti, yaani vikundi vidogo vya salfa na oksijeni, zenye chaji hasi. Chaji zinazofanana husukumana. Kwa hiyo salfeti zikiwa nyingi, minyororo inakaa mbalimbali na haishikani sana. Zikiwa chache inakaribiana. Kotonii inatoa karagenani inayoitwa kapa, yenye salfeti moja kwa kila sukari mbili. Spinosamu inatoa iota, yenye salfeti mbili. Ipo na ya tatu, lamda, yenye takribani tatu, na hiyo haigandi kamwe, inafanya maji yawe mazito tu. Wakulima wetu hawailimi.

Yeyusha kapa kwenye maji ya moto, kisha acha yapoe. Yakipoa, minyororo inajisokota kama uzi wa ukili, miwili miwili. Hapo inamhitaji mtu wa kuisogeza pamoja, naye ni potasiamu. Ikiwepo, misokoto inashikana na unapata jeli ngumu, inayokatika kwa kisu ukingo ukabaki wazi, na inayovunjika ukiibonyeza. Ndiyo maana jeli ya kapa iliyopikwa kwa maji ya dafu hukaza kuliko ile ya maji ya bomba: dafu lina potasiamu tele. Kasoro yake ni kwamba ikikaa inatoa maji, kama mtindi ulioguswa na kijiko.

Iota inataka kalisiamu badala ya potasiamu. Jeli yake ni laini, inatikisika, haitoi maji, na inavumilia kugandishwa kwenye friza kisha kuyeyushwa. Ina tabia moja ninayoipenda: ikoroge mpaka ivunjike iwe kama uji, iache kidogo, itajirudi yenyewe. Dawa ya meno inanufaika na hilo. Unaiminya inatoka, ikifika kwenye mswaki inasimama.

Jeli zote mbili zikipashwa moto zinayeyuka, zikipoa zinaganda tena. Na hakuna mnyama ndani yake, kwa hiyo anayekwepa jelatini ya mifupa na ngozi anapata mbadala.

Sasa turudi kwenye yale maziwa ya chokoleti. Kapa inashikana na protini ya maziwa, kasini, kwa hiyo robo gramu hivi kwa lita moja inatosha kuzuia unga wa kakao usizame chini. Jeli ya maji matupu ingehitaji gramu 5 hadi 10. Soko kubwa la nyama za kopo, maziwa na aiskrimu linaitaka kapa zaidi, na ndipo bei ya kotonii inapopanda juu ya spinosamu. Tatizo ni kwamba kotonii haipendi joto. Maji yakichemka juani wakati wa kupwa, matawi yanapauka, yanalainika na kukatika, na wakulima wengi wa Unguja wamebaki na ile ya bei ndogo.

Kuhusu uzalishaji wenyewe. Mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi. Ukivunwa mapema jeli yake ni dhaifu. Kilo 7 au 8 mbichi zinatoa kilo moja kavu. Mvua ikiunyea ukiwa juu ya kichanja, unapoteza ubora, na mchanga ukiwemo mnunuzi atakata bei. Kiwandani unaoshwa, kisha unapikwa kwenye magadi makali ya potasiamu. Magadi hayo yanaondoa baadhi ya salfeti, na jeli inakuwa imara zaidi. Kuanzia hapo njia zinaachana. Ya bei nafuu ni kuuacha mwani na nyuzi zake, kuusuuza, kuukausha na kuusaga: hiyo ni E407a. Ya ghali ni kuyeyusha ute kwenye maji ya moto, kuchuja nyuzi zote, kisha kuutoa ute majini kwa spiriti au kuugandisha kwa chumvi ya potasiamu na kuukamua. Hiyo ndiyo E407 yenyewe.

Kuna mjadala wa usalama. Karagenani ikiwekewa asidi na moto mkali sana kwa muda, mnyororo wake unakatika vipande vidogo vinavyoitwa poligenani, na hivyo havitumiki kwenye chakula. Wanaoogopa karagenani mara nyingi huchanganya viwili hivyo. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka kiwango cha muda cha miligramu 75 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mwili, huku ikitaka takwimu zaidi.

Jikoni, asidi ni adui wa jeli hata bila kufika huko. Ukitaka kutengeneza jeli ya ukwaju, changanya unga wa karagenani na sukari kikavu kwanza usije ukafanya madonge, chemsha kwenye maji mpaka uyeyuke, zima moto, ndipo utie ukwaju. Ukiutia sufuria likiwa linatokota, utakunywa sharubati.